Zana za kupima wanafunzi wa kozi za onlaini, nimezipima kwa netiweki ya Kigoma

Walimu wenzangu mnaofundisha kozi za onlaini, hasa nyie mlioko huku Kigoma na mikoa ya jirani, nimeulizwa sana "mwalimu unatumia nini kupimia wanafunzi", maana chuo kinataka kulipia mfumo, mkuu wa idara anataka kitu chenye kamera, wanafunzi wanataka kitu kisichokula bando, na muuzaji naye kaja na projekta na slaidi zake kila kitu kinang'aa. Basi naandika yote hapa kwa mpigo, nilizozitumia, nilizoziacha na kwa nini, someni kwa nafasi maana ni ndefu.

Kwanza mjue wanafunzi wangu ni wa aina gani, bila hilo maoni yangu hayatawasaidia. Wengi ni walimu walioko kazini wanaosoma stashahada kwa mbali, watu wazima wenye familia, wako Kasulu, Kibondo, Buhigwe, Uvinza, na wengine wako vijiji vya mwambao wa ziwa kama Kalya na Kagunga ambako usafiri wa uhakika ni boti. Simu zao ni Android za bei ya chini, storeji imejaa picha za watoto na video za kwaya. Wa Mwanga au Ujiji, pale Kigoma mjini, netiweki anayo, wa mwambao anasubiri jioni apande kilimani ndio simu ianze kusoma. Umeme ukikatika mnara nao unaweza kuzima, mnajua wenyewe.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachouliza kwa zana yoyote, kabla ya bei na kabla ya urembo, ni hiki: netiweki ikikatika mwanafunzi akiwa swali la 12, yale majibu 11 aliyokwisha jibu yanaenda wapi? Muuzaji akianza kuzungukazunguka hapo mimi namshukuru na kumsindikiza. Cha pili, je hiki kitu kinapima alichojifunza mwanafunzi au kinapima simu yake? Mkizingatia hayo mawili tu mtaona zana nyingi nzuri kwenye slaidi zinaanguka zenyewe.

Naanza na Google Forms maana ndiyo wengi wanayoijua. Ni bure, ukiwasha upande wa kwizi unaweka majibu sahihi na maksi, maswali ya kuchagua inasahihisha yenyewe, majibu yote yanaingia kwenye jedwali unaloweza kulishusha Excel. Kitu ninachokipenda zaidi na watu hawakitumii ni ile sehemu ya kuandika mrejesho kwa kila swali, mwanafunzi akikosa anaona maelezo au linki ya kipande cha video palepale, kwa kozi ya mbali hiyo ndiyo sauti yako ya ualimu. Unaweza pia kuchagua maksi zisitoke mpaka umepitia mwenyewe, fanyeni hivyo kila kunapokuwa na swali la kuandika, maana mashine inalinganisha herufi kwa herufi, mtu akiandika "Ziwa Tanganyika" na wewe umeweka "Tanganyika" peke yake anapewa sifuri na moyo unamvunjika bure.

Sasa kwenye kukatika kwa netiweki, Forms inahifadhi majibu ya njiani kama rasimu ikiwa tu mwanafunzi ameingia kwa akaunti yake ya Google, asiyeingia hana ulinzi huo. Hivyo walazimisheni kuingia, na hapo hapo mnapata na ile kinga ya mtu mmoja kujibu mara moja. Tatizo ni wale ambao akaunti alifungua fundi wa simu pale dukani na pasiwedi hawaijui, hao tengeni siku moja mwanzo wa muhula muwasaidie wote, msisubiri asubuhi ya kwizi. Na saa ya kuhesabu dakika haimo ndani ya Forms yenyewe, utalazimika kuunga programu ya pembeni, mimi sishauri, ukitaka muda tumia kitu kingine. Kwa kwizi za kila wiki za kujipima naipa nafasi ya kwanza. Kwa mtihani wa maksi nzito hapana.

Kahoot nitapita haraka. Ni mchezo wa maswali wa onlaini, ni ya Norway, ilianza 2013, darasani wanafunzi wakiwa wamekaa pamoja na Wi-Fi nzuri inachangamsha kweli kweli. Lakini kwa kawaida pointi zinatolewa kwa kasi ya kujibu, sasa wa Kibondo netiweki yake inavuta sekunde sita swali lifunguke na wa mjini anafungua papo hapo, hapo tunashindanisha minara ya simu na sio akili. Msiingize alama zake kwenye rekodi yoyote, ni ya kuamshia darasa. Quizizz, ambayo tangu 2025 inaitwa Wayground, ina nafuu kwa sababu swali na majibu vinatokea kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe na unaweza kuipa kama kazi ya nyumbani kila mtu aende kwa mwendo wake, na ile hesabu ya kasi unaweza kuizima. Ila inataka netiweki muda wote.

Telegram watu wanaidharau na mimi naomba msiidharau. Tangu Januari 2020 ina kura za aina ya kwizi na roboti ya QuizBot, unaandaa maswali, unaweka muda wa kila swali, mwanafunzi akijibu anaona jibu sahihi na maelezo mafupi. Inakula bando kidogo sana na watu tayari wanayo kwenye simu. Ni ya mazoezi tu, kuibia ni rahisi mno, lakini kama nia ni mwanafunzi arudie somo jioni akiwa amekaa nje anaota upepo wa ziwa, inatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye Moodle, hapa nitakaa kidogo.

Moodle ni mfumo huria wa kufundishia na kupimia onlaini uliotoka toleo la kwanza 2002, chanzo chake ni Australia, na vyuo vingi vya Tanzania vinautumia, Chuo Kikuu Huria kikiwamo, hivyo kuna uwezekano mkubwa chuo chenu tayari kinao na nyie mnautumia kuapulodi nots za PDF tu. Inaniuma nikiona hivyo maana nguvu yake halisi iko kwenye benki ya maswali. Unaandika maswali mengi kidogo kidogo muhula hadi muhula, unayagawa kwa mada, halafu unauambia mfumo kila mwanafunzi apewe maswali matano ya mada hii na matatu ya ile kwa kubahatisha, hapo hata wakikaa chumba kimoja kila mtu ana mtihani wake. Kwa wanaofundisha hisabati au fizikia kuna aina ya swali la kukokotoa ambalo kila mwanafunzi anapata namba tofauti na mfumo unajua jibu la kila namba. Mtu akituma jibu lake kwenye grupu la WhatsApp halimsaidii mwenzake, itabidi amtumie njia ya kufanya, na akishamtumia njia basi kamfundisha, mimi hilo nalipokea kwa mikono miwili.

Kingine ni ripoti ya takwimu za maswali baada ya mtihani. Inakuonyesha kwa kila swali ni asilimia ngapi wamelipata, na kama lile swali linatenganisha anayejua na asiyejua. Ukikuta swali ambalo waliofanya vizuri kwingine kote ndio wamelikosa na waliofanya vibaya ndio wamelipata, ujue mwenye tatizo ni swali, pengine lina majibu mawili sahihi au lugha yake imepinda, liondoe na uwarudishie watu maksi zao. Miaka yote tumesahihisha kwa kalamu nyekundu hatukuwa na namna rahisi ya kujua hili. Mwanafunzi anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa ajili ya maswali mawili mabovu, analipia tena, anasafiri tena kutoka Kalya, anaomba ruhusa tena kwa mwalimu mkuu wake. Kwangu mimi hii ripoti peke yake inatosha kuichagua Moodle kwa mtihani wenye uzito.

Kwenye kukatika kwa netiweki iko vizuri, majibu yanahifadhiwa kwenye seva kila baada ya muda mfupi, mwanafunzi akirudi anaendelea alipoishia. Na ile apu yake ya simu inaruhusu kwizi kufanywa oflaini kabisa halafu ikatuma baadaye, lakini lazima mwalimu awashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kwizi, na kwizi yenye kikomo cha dakika haikubali oflaini. Ni lazima mchague, saa au oflaini. Kwa wanafunzi wa mwambao mimi nachagua oflaini bila kusita na maswali nayaandika ya kufikiri, ya namna ambayo kufungua daftari hakukusaidii sana.

Ubaya wake upo. Programu ni bure ila seva sio bure na anayeitunza sio bure. Wanafunzi wote wakiingia saa nne kamili asubuhi seva dhaifu inazidiwa, kurasa zinagoma, simu zinaanza kuita. Dawa ni kufungua mtihani kwa dirisha refu, mfano kuanzia mchana hadi kesho yake jioni, na dakika 60 za kila mtu zianze kuhesabu pale anapofungua mwenyewe. Kingine, kuna watu watawashauri muunge Safe Exam Browser ifunge kompyuta ya mwanafunzi asitoke kwenye mtihani, ni programu nzuri na ya bure lakini ipo ya Windows, Mac na iPhone au iPad, ya Android haipo, sasa mkiiwasha mmewafungia nje karibu wanafunzi wote ninaowazungumzia hapa. Chuo chenye kituo cha mtihani Kasulu au Kibondo waangalie kitu kinaitwa MoodleBox, ni kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi kinachobeba Moodle nzima ndani na kutoa Wi-Fi yake chumbani bila intaneti yoyote, wanafunzi wanakuja Jumamosi, wanaunga simu zao, wanafanya, basi.

Ya pili ninayoitetea kwa nguvu itawashangaza baadhi, ni KoboToolbox. Sisi watu wa Kigoma tunaijua kwa njia nyingine, vijana wengi wamewahi kuchukuliwa na mashirika kwenda kukusanya data kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta, wamepewa simu yenye KoboCollect, apu yake ya kujazia fomu, wakazunguka nyumba kwa nyumba. Fomu inashushwa mara moja, inajazwa pasipo netiweki hata kidogo, inakaa kwenye simu, ukifika penye netiweki inatuma. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa naitafuta kwenye zana za elimu kwa miaka, kumbe ilikuwa mikononi mwa wadogo zetu.

Naitumia hivi. Mwanafunzi wangu ni mwalimu, ninachotaka kujua ni kama anaweza kufundisha, na swali la kuchagua A hadi D haliwezi kuniambia kama mtu anajua kufundisha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa watoto wa darasa la nne. Basi fomu inamwambia: andaa kipindi, piga picha ubao wako baada ya kipindi, piga picha maandalio uliyoandika kwa mkono, rekodi sauti yako dakika tatu ukieleza wapi watoto walikwama na ulifanya nini. Vyote vinaingia kwenye fomu moja. Sauti hizo nikizisikiliza namjua mtu. Mmoja, mama mtu mzima wa kule mwambao, alianza hivi: "Mwalimu wangu, habari za kazi. Mwanangu, hawa watoto neno robo wanalijua vizuri tu, robo kilo ya sukari wanatumwa dukani kila siku, ila nikiandika moja juu ya nne ubaoni wananyamaza kimya." Hapo amenionyesha anaelewa mwanafunzi wake anakwama wapi na kwa nini, mtihani gani wa kuchagua ungenipa hilo?

Mambo ya kuangalia kwenye Kobo: wekeni kikomo cha ukubwa wa picha kwenye swali la picha, mfano pikseli 1024, la sivyo simu inatuma picha nzito na bando la mtu linaisha kwa asaimenti moja. Waambieni wasipige sura za watoto, ubao na madaftari vinatosha. Na msiweke majibu sahihi ndani ya fomu ili ijisahihishe, ile fomu inakaa kwenye simu ya mwanafunzi na anayejua kuifungua atayaona. Haina daftari la maksi la mwanafunzi mmoja mmoja kama Moodle, wewe utashusha Excel na kujaza mwenyewe. Na usahihishaji ni mrefu, sauti ya dakika tatu lazima uisikilize dakika tatu, ukiwa na darasa la watu mia mbili bila wasaidizi usijaribu. Ukiamua kutumia, andika rubriki mapema na uwape wanafunzi kabla hawajaanza, mistari minne mitano ya kile utakachoangalia na maksi zake. Inapunguza malalamiko na inaharakisha kusahihisha.

Sasa kamera. Mifumo ya kumsimamia mwanafunzi kwa kamera wakati wa mtihani, hii nasema wazi kwamba siiafiki kwa wanafunzi wetu na nina sababu. Upo mmoja wa kulipia tulioonyeshwa, jina naliacha, unataka laptop, kamera, maikrofoni na intaneti isiyotikisika muda wote wa mtihani, na mtu akitazama pembeni unamwekea alama ya kushukiwa. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na wanawe watatu atatazama pembeni, atafanyaje? Kuna na suala la ngozi zetu. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 ulipima programu za biashara za kutambua jinsia ya mtu kwa uso, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7 wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Programu zimeboreshwa tangu hapo, sawa, lakini atakayethibitisha kwamba huu mnaouziwa unamwona vizuri mtu mweusi aliyekaa kwenye mwanga wa taa ya sola ni muuzaji, sio nyie, mdaini ushahidi. Huko Marekani mwaka 2022 jaji wa shirikisho aliamua kwamba chuo cha umma kumlazimisha mwanafunzi azungushe kamera chumba chake chote kabla ya mtihani kulivunja haki yake ya kikatiba. Na kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, video ya uso wa mtu na chumba chake ni taarifa binafsi, chuo kinachoikusanya kina wajibu nayo. Ulizeni zinahifadhiwa nchi gani, kwa muda gani, nani anaziona. Mpate jibu la maandishi.

Jirani yake ni zile programu zinazodai kukamata kazi iliyoandikwa na ChatGPT. Najua hofu iliyopo, tangu mwisho wa 2022 asaimenti zimekuwa na Kiingereza laini ambacho hujawahi kukisikia kwa huyo mtu akiongea. Lakini tuwe waangalifu jamani, tunashika riziki za watu. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipitisha insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao kwenye vyombo saba vya namna hiyo, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zile, zilizoandikwa na binadamu, ziliitwa za mashine. Maneno machache, sentensi za kawaida, ndivyo vinavyomponza mtu. Sasa nani anaandika Kiingereza cha namna hiyo kama sio wanafunzi wetu? Kumpa mtu sifuri au kumdisko, yaani kumwondoa chuoni, kwa asilimia iliyotolewa na kompyuta peke yake ni dhuluma, na mimi sitasaini.

Ninachofanya mimi ni kupiga simu. Simu ya kawaida kabisa, dakika za bando, haitaki smatifoni wala 4G. Mwanafunzi akishatuma asaimenti kubwa nampangia saa, nampigia dakika tano sita, namuuliza: hii aya ya tatu ulimaanisha nini, huu mfano ulitoa wapi, ukiambiwa darasa lina watoto 90 ungebadilisha nini. Aliyeandika mwenyewe anaongea mpaka unamkatiza. Aliyeandikiwa unamsikia tu, na hapo simfokei, namwambia "mwalimu, rudia kazi hii kwa maneno yako, nakupa wiki, ukiandika kwa Kiswahili kwanza halafu ukatafsiri pia sawa". Wengi wanarudi na kazi dhaifu zaidi kwa lugha lakini yao, na hiyo ndiyo naweza kuisahihisha. Wapeni taarifa mapema kwamba mahojiano yana maksi, hata kumi tu, mtashangaa jinsi asaimenti zinavyobadilika. Kwa darasa kubwa chagua wachache kwa kura ya wazi kila asaimenti, asijue mtu ni zamu ya nani.

Kwa hiyo chuo kikiniuliza kinunue nini, nasema hela ya mfumo wa kamera ipelekeni kwenye seva nzuri ya Moodle, kumlipa kijana mmoja anayeijua aitunze, na bando la dakika kwa wakufunzi. Forms na Telegram kwa mazoezi ya wiki, Moodle kwa zile maksi 40 za kazi za muhula, Kobo pale unapotaka kumwona mtu akifanya kazi, na mtihani wa mwisho kama chuo kina uwezo wa kufungua kituo wilayani basi ufanyike kituoni, mtu na kitambulisho chake.

Na kabla hamjasaini mkataba wa mfumo wowote, mwambieni muuzaji awape akaunti ya majaribio, chukueni simu ya bei ya chini kabisa iliyopo ofisini, anzeni kwizi, mkifika katikati zimeni data, kaeni dakika kumi, zimeni na simu yenyewe, halafu washeni muone. Fanyeni mbele yake. Mkimaliza mwambieni awaonyeshe jinsi ya kushusha maksi zote na majibu yote kwenye Excel bila kumpigia yeye simu, maana mkataba ukiisha na rekodi za wanafunzi zimebaki kwake hamtakuwa na pa kuzipata.